Jina Lililomo Ndani ya Kiatu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Igoma, Mwanza. Nilipofundisha Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nilieleza kwamba makumbusho ya Auschwitz, nchini Poland, palipokuwa na kambi ya mauaji, yamehifadhi viatu vya Wayahudi waliouawa na Wanazi, watawala wa Ujerumani wa wakati huo. Mwanafunzi mmoja akauliza: viatu vilivyochakaa vina faida gani, na walioyaona mauaji hayo wakishafariki wote, nani atatuthibitishia? Sikuwa na jibu la kumtosheleza.

JIBU: Mwalimu, msimulie mwanafunzi wako habari za kiatu kimoja. Mwaka 2020 wahifadhi wa makumbusho hayo walikuta ndani ya kiatu cha mtoto maandishi ya mkono: jina la Amos Steinberg, pamoja na alama ya msafara uliompeleka kambini na namba yake ya usajili. Walipoyalinganisha na orodha zilizosalia, walibaini kuwa Amos alizaliwa Prague mwaka 1938, akafungwa pamoja na wazazi wake katika geto, yaani mtaa wa kuwafungia Wayahudi, la Theresienstadt, na tarehe 4 Oktoba 1944 akasafirishwa hadi Auschwitz pamoja na mama yake, Ida, ambako inaaminika waliuawa kwa gesi mara walipofika; baba, aliyepelekwa kwa msafara mwingine, alinusurika. Yaelekea mama ndiye aliyeandika jina lile, kama mzazi wa huku anavyoliandika kwenye tranka na ndoo ya mtoto anayekwenda bweni.

Kwa sababu hiyo viatu hivyo havishonwi upya wala kupakwa rangi. Mhifadhi huondoa vumbi na kutu, huizuia ngozi isizidi kuoza, kisha hukiacha kiatu na mikunjo yake, kwa kuwa mikunjo hiyo iliwekwa na mguu wa mtoto aliyekivaa. Mwaka 2023 ilianza kazi ya kuhifadhi viatu 8,000 vya watoto, kimoja kimoja.

Kuhusu uthibitisho, Wanazi wenyewe walijaribu kuufuta: kabla Jeshi la Kisovyeti halijafika tarehe 27 Januari 1945, walichoma nyaraka na kulipua majengo yenye vyumba vya gesi. Magofu yake yapo hadi leo. Watu wapatao milioni 1.1 waliuawa Auschwitz, wengi wao Wayahudi, miongoni mwa Wayahudi milioni sita waliouawa Ulaya. Huko Jerusalem, taasisi ya Yad Vashem, iliyoanzishwa mwaka 1953, hukusanya fomu ambazo ndugu au jirani huandika jina la marehemu, wazazi wake na mahali alipoishi, na kwa wengi hilo ndilo kaburi pekee walilonalo.

Wazee wa kandokando ya ziwa letu hawahitaji kuelezwa sana, kwani mwaka 1994 Mto Kagera ulileta ziwani miili ya watu waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Katika kumbukumbu ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba cha watoto ambamo kila picha imeandikiwa jina na mambo madogo ya mtoto yule, hata chakula alichokipenda. Ukilirudia somo lako, Mwalimu, anza na jina la Amos, uliandike ubaoni, ndipo uandike milioni sita.