Barua kwa mwanangu: pafu ni zima, mshipa ndio ulioumia

Uyole, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na pole kwa kuuguza ugenini. Umeuliza mbona shemeji yako, aliyepandikizwa mapafu huko Chennai, India, bado hajaachishwa mashine ya kupumulia, na eti diaframu ya kulia imepooza. Je, mwili umeanza kuyakataa mapafu?

Hapana, hayo ni mambo mawili tofauti. Diaframu ni ule msuli mpana kati ya kifua na tumbo, na ndio wenye kazi kubwa ya kuvuta pumzi. Huamrishwa na mshipa wa fahamu unaotoka shingoni, ukapita kando ya moyo, mbele ya shina la pafu. Daktari akilitoa pafu bovu, hasa lililogandamana na kifua, mikono yake iko papo hapo. Mshipa unaweza kuvutwa, kuunguzwa na kifaa cha kuzuia damu, hata kuumizwa na barafu ya kupoza pafu. Pafu zima, wa kulivuta hayupo.

Wakimwambia avute hewa puani ghafla, kwenye picha utaona upande wa kushoto unashuka, wa kulia unapanda. Ndiyo maana akilala chali anahema. Mwinulieni kitanda kichwani.

Mshipa uliovutwa tu hurudi kwa wiki au miezi. Ulioumia zaidi huota kama milimita moja kwa siku, nao ni mrefu, kwa hiyo mwaka unaweza kupita. Wakati huo ni barakoa ya mashine usiku, mazoezi ya pumzi na kutembea. Mshipa usipopona, kuna upasuaji wa kuikunja diaframu na kuishona ili isilibane pafu.

Kuhusu mwili kuyakataa mapafu, la kuogopa ni homa, au kipimo cha kupuliza, kile cha kupima nguvu ya mapafu, kushuka. Hapo daktari aambiwe siku hiyo hiyo.

Shangazi yako wa Tukuyu alishafunga kifurushi cha mizizi amtumie. Nimemzuia, na amenuna. Dawa za kuzuia mwili usikatae pafu hazipatani na mitishamba ovyo. Hata balungi asile.

Kesho waulize: wameipima diaframu kwa ultrasaundi, au wameiona tu kwenye eksirei imekaa juu? Kukaa juu pekee hakutoshi kusema imepooza. Niandikie watakachojibu.

Baba yako