Kabla ya kununua mitambo ya umeme bandarini, soma mita kwanza

Nimefanya kazi ya fundi umeme gatini, na kosa ninalosimulia hapa nilikuwemo. Tulinunua matrekta ya umeme ya kuvuta makontena, tukafunga chaja, tukapiga picha na wakubwa. Haikupita wiki. Zamu ya asubuhi ilipoisha, madereva wote walichomeka kwa mpigo, na kreni mbili zilikuwa zinapandisha mzigo. Swichi kuu ikakata. Breki za kreni zikashika, kontena likabaki linaning'inia juu ya meli, nasi chini tunatazamana.

Umeme haukuwa pungufu. Ukihesabu wa siku nzima, ulitosha na kubaki. Kilichotuangusha ni kilele, zile dakika chache ambazo kila mtambo unavuta pamoja. Wateja wakubwa wa umeme mara nyingi hutozwa kwa kilele hicho pia, si kwa uniti peke yake, kwa hiyo hata swichi isipokata, bili itakukata. Funga mita kwenye kila mtambo, kusanya takwimu za mwaka mzima, ndipo uitishe zabuni.

Takwimu hizo ndizo zitakazokuambia ununue betri ya ukubwa gani. Wengi hudhani betri ni ya kuendesha bandari usiku kucha. Hapana. Inajazwa taratibu gati likiwa limetulia, kisha inamwaga kwa nguvu kilele kinapopanda. Kreni inaposhusha kontena, mota yake hugeuka jenereta. Pasipo betri ya kuupokea umeme ule, unaishia kuwa joto kwenye rezista. Inauma kuona!

Norwei waliliona hili mapema. Kivuko cha betri Ampere kilipoanza safari kati ya Lavik na Oppedal mwaka 2015, gridi ya kule vijijini haikuweza kukichaji kwa dakika 10 hivi kinazokaa gatini. Wakaweka betri kila upande, zikawa zinajazwa polepole kivuko kikiwa majini.

Halafu kuna meli zenyewe, na moshi mwingi wa gatini hutoka kwao. Ikishafunga kamba, meli huzima injini kuu lakini jenereta zake hazilali, maana taa, pampu na makontena ya friji vinazitegemea. Dawa ni kuipa umeme wa nchi kavu. Bandari ya Gothenburg, Uswidi, ilianza kuunganisha meli za mizigo kwa msongo (volti) mkubwa mwaka 2000, na kuanzia 2030 Umoja wa Ulaya utazitaka meli za makontena na za abiria zichomeke katika bandari zake kuu.

Kabla hujachimba mtaro wa kebo, waulize wenye meli mambo mawili. Msongo ni kilovolti 6.6 au 11? Masafa, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, ni hezi ngapi? Meli nyingi hutumia 60 ilhali gridi nyingi ni 50, na mtambo wa kubadilisha masafa ni mkubwa, tena ghali. Uliza pia meli hufunga ubavu gani. Nimeshuhudia kebo mpya kabisa isiyofika kwenye soketi kwa sababu meli iligeuzwa.

Sisi tuliishia kupanga chaja zipokezane, nusu saa kila kundi. Swichi haikukata tena. Betri ilikuja mwaka uliofuata, ndogo kuliko ile tuliyokuwa karibu kuiagiza.