Tatizo la mashine ni kile kidirisha

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Ukitaka kuangua vifaranga nyumbani, umwachie kuku au utumie mashine?", limenigusa penyewe. Nitalijibu, ingawa mngeniuliza mimi ningeligeuza kidogo: zikifika zile siku tatu za mwisho, nani hapo nyumbani ataweza kuizuia mikono yake?

Nianze na msimamo, nisije nikaonekana nazunguka. Mimi ni mtu wa mashine. Kuku haamrishwi kuatamia. Mayai unayo, jogoo anafanya kazi yake, na matetea wote wanakutazama tu. Hawa wa kisasa wa mayai ndiyo kabisa. Hamu ya kulalia wameshaondolewa kwa kuchaguliwa kizazi hadi kizazi. Na akikubali, utamwekea mayai kumi, kumi na mawili akiwa na mwili, zaidi ya hapo yale ya pembeni yanapoa. Bado hujataja chawa, wala wenzake wanaokuja kutaga juu ya mayai yake, wala ile siku anayotoka kula kisha anarudi kukaa kwenye kiota kisicho chake. Wafugaji mnayajua haya, sina haja ya kuwachosha.

Mashine haina hayo. Yenye feni unaiweka nyuzi 37.5. Isiyo na feni unapandisha, 38 na ushei, na kipimajoto kinakaa usawa wa juu ya mayai kwa sababu hewa ya moto hupanda. Unyevu asilimia 50 hivi mpaka siku ya 18, baada ya hapo 65 hadi 70. Unageuza mara tatu au tano kwa siku, isiwe mbili wala nne, ili upande uliolala usiku wa jana usilale tena usiku wa leo. Na anayesema haya ni mambo ya juzi, Misri waliangua mayai kwa maelfu tangu kale kwenye matanuri ya matofali ya udongo, bila kipimajoto, mafundi wakiligusisha yai kwenye kope kusikia joto lake. Siku ya 18 unaacha kugeuza, unafunga kifuniko, unasubiri ya 21.

Hapo kwenye kusubiri ndipo penye kazi.

Baba mkwe alikuja kukaa nasi kipindi mashine yetu ilipokuwa na mayai. Yeye amefuga kuku tangu utotoni, wa kuatamia wenyewe, na lile sanduku la plastiki juu ya meza ya sebuleni aliona ni mchezo wa watoto. Alikuwa akilipita bila kulitupia jicho. Mpaka usiku wa siku ya saba, nilipozima taa ili nimulike mayai. Nikaweka yai juu ya tochi, akaona mishipa imetawanyika pande zote, na katikati kidoa cheusi kinacheza.

"Hicho kinachocheza ndiye mwenyewe?"

"Ndiye, baba. Jicho lake hilo."

Tangu usiku huo kiti chake kilihamia mbele ya mashine. Siku ya 20 jioni mayai yakaanza kutikisika. Akaweka sikio kwenye kidirisha, akawasikia wanalia humohumo ndani ya maganda, na mzee mzima akawaitikia kwa sauti ya kooni, ko-ko-ko, vilevile anavyofanya kuku anayelalia. Nilicheka, lakini hakukosea: kuku na mayai yake huanza kuitikiana kabla hawajaonana.

Tundu la kwanza likatokea kwenye yai lililokuwa karibu kabisa na kidirisha. Ganda limeinuliwa kwa ndani, ncha ya mdomo inaonekana, na juu ya mdomo kile kijino cheupe cha kuvunjia ganda. Kisha kimya. Saa zikapita. Mdomo unafunguka, unafumba, tundu haliongezeki.

"Amechoka huyu, mkwe."

"Anapumzika, baba. Wakishatoboa wanaweza kukaa nusu siku, hata siku nzima. Damu bado iko kwenye utando, na kiini hakijaingia chote tumboni."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma, baba."

Akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa na maneno mengi. Jamani, mkwe ni mkwe. Mtoto ungemfukuza mezani, mume ungemkemea. Baba mkwe unamwambia mara moja, kwa sauti ya chini, "naomba tusifungue, baba," na ukitaka kurudia unamtafuta mwanawe arudie yeye. Nilimtafuta. Mwanawe akasema, "Mwache tu, baba anajua kuku."

Nilikuwa jikoni niliposikia kifuniko kinaachia. Kufika, ule mvuke uliokuwa umetanda kwenye kidirisha umeshatoweka, na mzee ameliweka yai kwenye kiganja, anabandua ganda kwa ukucha, kipande kimoja kimoja, kwa upole ambao sikuwahi kumwona nao. Kipande kimoja kikaja na utando wake, damu ikachomoza, mstari mwembamba, ikashukia kwenye kidole gumba. Mkono ukasimama. Akaniangalia. Sikusema kitu. Nikalipokea yai, nikalirudisha, nikafunga.

Huyo hakufika asubuhi.

Wenzake wakaingia matatani. Walikuwemo wengine waliokwisha kutoboa, na kifuniko kilipokuwa wazi hewa kavu iliwaingia. Utando uliokuwa mweupe na laini ukageuka manjano, ukakakamaa, ukawabana mabawa. Kifaranga aliye salama hujizungusha ndani huku akilikata ganda kwa duara upande ule mnene, kisha anasukuma na kofia ya ganda inadondoka. Hawa wetu wanapumua, wanalia, lakini kuzunguka hawawezi.

Mimi kwangu sheria ilikuwa moja, usiguse. Ni yeye, safari hii baada ya kukaa muda mrefu bila kunyoosha mkono, aliyesema, "Sasa hawa wenyewe hawatoki." Na kweli wasingetoka. Akaomba maji ya uvuguvugu na kitambaa safi. Akalowesha utando mahali pamoja, akasubiri, akachungulia chini ya taa kama kuna mshipa mwekundu. Penye mshipa anaacha, yai linarudi kwenye joto, anahamia jingine. Pasipo na mshipa anabandua kidogo tu. Usiku wote ule, mzee na miwani yake. Wala hakuwatoa kabisa: alizungusha ufa upande ule mnene, wenye mfuko wa hewa, na huko chini akawaacha wajisukume wenyewe. Nilipomuuliza hayo ya mishipa amejifunzia wapi, alisema damu ya yule wa kwanza imemtosha.

Wakatoka. Mmoja miguu ilimtanuka, tukamfunga kwa plasta siku kadhaa, akasimama.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshapanga hukumu: mashine, ila itiwe kufuli. Sasa nikiyasoma haya naona tatizo la mashine halipo kwenye joto wala unyevu, lipo kwenye kile kidirisha. Inakuonyesha mambo ambayo kiumbe mwenye moyo hawezi kuyatazama nusu siku bila kunyoosha mkono. Kuku hana kidirisha. Ukipeleka mkono, anakudonoa. Siku za mwisho ameganda pale pale, mwili wake ndio joto na ndio kifuniko, na waliotangulia kutoka hawamsumbui kwa njaa, kwa sababu kile kiini walichokivuta tumboni kinawatosha siku mbili, hata tatu, wakati wenzao wanamalizia.

Kwa hiyo jibu langu ni kuku. Najua nilichosema juu.

Ila msinielewe vibaya. Baba mkwe alituambia kwao hajawahi kuona damu namna ile, nami namwamini, lakini haina maana wa kwao hawakufa. Walifia chini ya kuku, mtu akakuta yai limebaki, akaliita viza, akatupa. Kuku anakusitiri usione, na sina hakika kusitiriwa ndiko kutotolesha vizuri. Tena nasema kuku anayeatamia kwelikweli, aliyekaa usiku mbili tatu hata kwenye kiota kitupu, ukimsogelea anatuna manyoya na kunguruma. Huyo mwekee mayai usiku, umwache. Ukitaka vifaranga wengi wa umri mmoja, au una tarehe, utarudi kwenye mashine tu, kama mimi nilivyorudi. Hivi ninavyoandika ina mayai.

Mtakaobaki na mashine, bandikeni karatasi kwenye kidirisha kuanzia siku ya 18. Maji yaongezeni kwa tundu la nje kama lipo, bila kufunua. Kitambaa kiwe karibu, lakini kisiguswe mpaka saa 24 zipite tangu tundu la kwanza, na hata hapo iwe utando umekauka na hauoni mshipa. Na kama mna baba mkwe aliyekwisha kuiona ile damu, mpeni yeye ndiye akishike.