Kifundo kinachoteguka kila mara: angalia unavyotua kabla ya kununua viatu

Ndugu, umeuliza kama viatu vya shingo ndefu vitakusaidia, maana kifundo kimeteguka mara tatu msimu huu. Nimecheza mpira wa wavu miaka 12 nikiwa bloka wa kati, yaani anayeruka katikati ya wavu kuzuia mpira, na vifundo vyangu vyote viwili vimewahi kuteguka, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonipata.

Kwanza kumbuka uliumia wapi. Mimi mara zote ilikuwa wavuni. Seta wa timu pinzani, yaani anayempandishia mpigaji mpira, akiubana karibu na wavu, mpigaji wake huruka kwenda mbele badala ya kwenda juu, na mguu wake hutua upande wako. Sheria haimkatazi, ilimradi sehemu ya unyayo ibaki kwenye mstari wa kati au juu yake. Wewe unashuka macho yako yakiwa kwenye mpira, unakanyaga kiatu chake, kifundo kinakunjika kwa ndani. Mara ya kwanza nilisikia "ta!" kabla hata sijasikia maumivu.

Tiba ya hilo ni mazoezi. Wapigaji wajifunze kurefusha hatua ya mwisho ili waruke wima, seta auweke mpira mbali kidogo na wavu, na mabloka mtue kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa.

Kosa langu kubwa lilikuwa haraka. Uvimbe ulipoisha nikarudi uwanjani, na wiki ya tatu kikateguka tena palepale. Mguu ulioteguka hupoteza wepesi wa kuhisi umekaaje, na wepesi huo haurudi kwa kupumzika tu. Simama peku kwa mguu mmoja kila siku. Ukizoea, fumba macho. Kisha mwenzako akurushie mpira uudake bila kushusha mguu wa pili. Fanya hivyo wiki nyingi, hata kama huumwi, na ukicheza vaa kishikizo cha kifundo msimu mzima. Hicho nakiamini kuliko shingo ya kiatu.

Goti linalouma chini kidogo ya kilegesambwa ni habari nyingine: hilo huletwa na wingi wa kuruka. Punguza miruko na chuchumaa taratibu ukiwa na uzito. Kidole cha mkono kilichoumia kwenye bloku kifunge plasta pamoja na jirani yake.

Ila ukiteguka ukashindwa kutembea hata hatua nne, au mfupa wa kifundo unauma ukiubonyeza, usikandwe na mtu. Nenda kapigwe picha ya eksirei siku hiyohiyo.