Kura 6,721 za Wales mwaka 1997: namna ya kulisoma jedwali la matokeo bila kujikwaa

Mkuu aliyeanzisha uzi ameuliza mambo matatu kwa mpigo. Wales, nchi iliyo ndani ya Uingereza, walipataje "bunge" lao kwa kura ya maoni ya mwaka 1997 wakati halmashauri 11 zilisema Ndiyo na 11 zikasema Hapana? Asilimia 50.3 ilitosha kweli kisheria? Na kwa nini Cardiff, mji mkuu wenyewe, uliukataa mpango ule? Baadhi ya waliotangulia kujibu wametia kura ya maoni ya 1979, ile ya 1997 na uchaguzi wa Baraza wa 1999 kwenye chungu kimoja, ndiyo maana hesabu zao hazikubaliani. Tuzitenganishe.

Tuanze na neno "bunge". Kilichopigiwa kura tarehe 18 Septemba 1997 hakikuwa bunge, kilikuwa baraza, kwa Kiwelisi Cynulliad. Lilikusudiwa kupokea kazi na fungu la wizara ya serikali ya London iliyoshughulikia Wales, karibu pauni bilioni 7 kwa mwaka, na kutunga kanuni ndogo chini ya sheria zilizopitishwa Westminster, yaani bunge la Uingereza lililoko London. Halikuwa na mamlaka ya kutunga sheria kamili wala ya kutoza kodi. Uskoti waliopiga kura wiki moja kabla, tarehe 11 Septemba, waliulizwa maswali mawili: bunge, na bunge hilo kugusa kodi. Wales waliulizwa moja tu. Ukikuta maelezo yanayosema Wales "walikataa kodi" mwaka ule, mwandishi amesoma karatasi ya jirani. Jina rasmi la bunge, Senedd Cymru, limekuja Mei 2020.

Mtiririko wa mwaka ulikuwa hivi. Tarehe 1 Mei chama cha Labour kilishinda uchaguzi mkuu, na Wales ikawapa viti 34 kati ya 40. Plaid Cymru, chama cha uzalendo wa Wales, walipata 4, Liberal Democrats 2, Conservatives hawakupata hata kimoja. Hapa pana jambo zito kuliko linavyoonekana: tangu 1987 mawaziri wa Wales walikuwa wabunge wa majimbo ya England, akiwemo John Redwood na baada yake William Hague. Hoja ya "tunatawaliwa na watu tusiowachagua" haikuhitaji wapambe. Julai waziri mpya, Ron Davies, akatoa waraka wa sera. Tarehe 31 Agosti Diana, Princess of Wales, akafariki Paris, na kampeni zikasimama hadi baada ya mazishi ya tarehe 6 Septemba. Baada ya hapo zilibaki siku 11 za kuomba kura. Kuweka Uskoti mbele hakukuwa bahati nasibu. Serikali ilitaka Ndiyo ya kule, iliyokuja kuwa asilimia 74.3, iwape Wawelisi msukumo.

Sasa nani aliruhusiwa kupiga kura, maana hapa wengi huteleza. Daftari lililotumika ni la uchaguzi wa serikali za mitaa. Kigezo kilikuwa kuishi Wales na kuwa umejiandikisha. Alikozaliwa mtu hakukuhesabiwa. Mwelisi wa damu anayeishi London hakuwa na kura, ila Mtanzania, Mkenya au Mganda mkazi wa Cardiff aliyemo daftarini alikuwa nayo, kwa kuwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaruhusiwa. Raia wa Umoja wa Ulaya walioishi pale waliruhusiwa pia. Karatasi ya kura ilikuwa ya lugha mbili, na mtu aliweka alama ya X mbele ya sentensi moja kati ya mbili: nakubali kuwe na Baraza la Wales, au sikubali.

Kuhusu sheria. Mwaka 1979, kura ilipopigwa tarehe 1 Machi, palikuwa na sharti kwamba Ndiyo ifikie asilimia 40 ya wote waliojiandikisha. Halikutumika Wales kwa maana mpango ulianguka mapema: Ndiyo 243,048, Hapana 956,330. Mwaka 1997 sharti hilo halikuwekwa. Aliyezidi kwa kura moja ameshinda. Ukitaka kuona uzito wa tofauti hiyo, fanya hesabu hii. Waliojiandikisha walikuwa takriban milioni 2.2. Ndiyo zilikuwa 559,419. Gawanya, unapata kama robo. Kwa sharti la 1979 zingehitajika zaidi ya kura 880,000, na Baraza lisingezaliwa. Kwa hiyo anayesema "robo tu ya Wales walitaka" hajadanganya. Amebadili kigawanyo katikati ya njia, basi. Kura za Hapana, kwa kigawanyo hichohicho, nazo ni robo.

Tuje kwenye jedwali. Ndiyo 559,419. Hapana 552,698. Tofauti 6,721, yaani 0.6 ya asilimia ya kura halali. Watu wengi huishia hapo wakidhani palihitajika kura 6,721 kugeuza matokeo. Siyo. Mtu akihama upande, anapunguza huku na kuongeza kule, kwa hiyo wangetosha 3,361. Wagawe kwa halmashauri 22: watu 153 hivi kila moja. Ukumbi mmoja wa shule.

Safu ya "halmashauri iliyoshinda" kwenye jedwali haina kazi yoyote kisheria. Mshindi hakuhesabiwa kwa maeneo, na ndiyo sababu 11 kwa 11 si sare. Linganisha hizi mbili. Gwynedd walishinda Ndiyo kwa asilimia 64.1: kura 35,425. Cardiff Ndiyo ilishindwa, ikapata asilimia 44.4: kura 47,527. Cardiff iliyopakwa rangi ya Hapana kwenye ramani iliitilia Ndiyo kura 12,000 zaidi ya Gwynedd yote. Ramani zile za rangi mbili ndizo zinazopotosha kuliko kitu kingine chochote kwenye mada hii, na bado ndizo zinazosambazwa zaidi.

Kisa cha Carmarthenshire nacho kielezwe sawasawa. Ilikuwa halmashauri ya mwisho kutangaza, usiku umekwenda sana. Walipata Ndiyo 49,115 na Hapana 26,119, ziada ya 22,996. Toa 6,721 kwenye ziada hiyo: kabla yao Hapana ilikuwa inaongoza kwa 16,275. Watazamaji wakaona "Carmarthenshire imeokoa jahazi". Kwa hadithi ni tamu, kwa hesabu haina maana, kwani mpangilio wa kutangaza haubadilishi jumla. Kama Monmouthshire (Hapana 22,403, Ndiyo 10,592) ndiyo ingetangazwa mwisho, tungesema walikaribia kuiangusha. Angalia pia Anglesey, kisiwa kinachodhaniwa ngome ya Ndiyo: Ndiyo 15,649, Hapana 15,095. Kura 554 tu.

Tahadhari nyingine kwa wanaolinganisha 1979 na 1997 eneo kwa eneo. Matokeo ya 1979 yalitolewa kwa kaunti 8 za zamani. Halmashauri 22 zilianza kazi Aprili 1996. Carmarthenshire ya 1979 imemezwa ndani ya Dyfed pamoja na Ceredigion na Pembrokeshire. Hatari zaidi ni Gwynedd, sababu jina limebaki na mipaka imehama: ile ya zamani ilikuwa na Anglesey na eneo la Conwy ndani yake. Ukiziweka safu mbili za "Gwynedd" kando kwa kando umelinganisha vitu viwili tofauti. Njia salama ni kujumlisha halmashauri mpya hadi zikaribiane na kaunti ya zamani, au kulinganisha jumla ya nchi peke yake: kutoka asilimia 20.3 hadi 50.3.

Kwa nini Cardiff ilikataa, basi? Wachambuzi wengi hutumia mgawanyo wa mtaalamu wa siasa Denis Balsom wa Wales tatu: ya magharibi na kaskazini-magharibi inayozungumza Kiwelisi; ya mabonde ya makaa ya mawe kusini, inayojiona ya Wawelisi hata kama lugha imefifia; na ya mashariki, pwani ya kusini-mashariki na Pembrokeshire, iliyoegemea Uingereza kwa ujumla. Ndiyo ilitoka kwa mbili za kwanza zikiungana. Cardiff, Newport, Monmouthshire, Powys, Wrexham, Flintshire, zote zilisema Hapana. Maeneo mengi ya mpakani antena za nyumbani zilinasa televisheni za England, na magazeti yaliyosomwa yalitoka nje ya Wales, kwa hiyo mjadala wenyewe haukuwafikia vizuri. Flintshire walijitokeza kama asilimia 41, Gwynedd kama 60.

Ila msidhani lugha ndiyo ufunguo wa kila mlango. Sensa ya 1991 ilikuta wazungumzaji wa Kiwelisi ni asilimia 18.7. Wangepiga kura wote upande mmoja bado wasingefika. Na asilimia ya juu kabisa ya Ndiyo, 66.5, haikutoka kwenye ngome ya lugha. Ilitoka Neath Port Talbot, nchi ya chuma na makaa. Mabonde hayohayo yalikuwa yameukataa mpango mwaka 1979. Katikati hapo walipita kwenye mgomo wa wachimbaji wa 1984–85 na miaka 18 ya serikali ambayo hawakuipigia kura. Kwangu mimi huko ndiko kura ilikoshindiwa, siyo Carmarthen usiku wa manane.

Lugha ina uwanja wake, na mwaka ule ulikuwa Bala, wiki ya kwanza ya Agosti, kwenye Eisteddfod ya Taifa, tamasha la mashairi na muziki la Wales. Mle ndani shughuli rasmi zote ni kwa Kiwelisi. Washairi wa jukwaa hili wangejisikia nyumbani. Kiti, tuzo ya mshairi mshindi, hutolewa kwa shairi la arudhi liitwalo awdl, na arudhi yao, cynghanedd, ni ngumu kuliko vina na mizani vyetu: katika aina mojawapo, konsonanti za nusu ya kwanza ya mshororo lazima zirudi kwa mpangilio uleule katika nusu ya pili. Washindani hutumia majina ya kubuni. Asipopatikana anayestahili, kiti hakitolewi. Mwaka 1997 alikikalia Ceri Wyn Jones.

Kipande cha mwisho ni viti 60 vya Baraza, maana kuna aliyevifananisha na viti maalumu vya Tanzania. Havifanani. Majimbo 40 yalichagua mmoja mmoja kwa wingi wa kura. Kanda 5 ziliongeza wanne kila moja kutoka orodha za vyama (ndivyo viti vya orodha) kwa njia ya d'Hondt: chukua kura za kanda za chama, gawa kwa viti vya majimbo alivyokwisha kupata ndani ya kanda hiyo ukijumlisha 1, mwenye jibu kubwa anachukua kiti, kisha rudia ukimwongezea kiti hicho. Kwa namba za mfano tu, vyama vinne vikigombea viti vinne vya kanda: A ana kura 80,000 na viti 4 vya majimbo, B 50,000 na viti 2, C 36,000 bila kiti, D 30,000 na viti 2. Majibu ya kwanza ni 16,000, 16,667, 36,000 na 10,000. C anachukua, anabaki na 18,000, anachukua tena, anabaki na 12,000. Cha tatu B, cha nne A. Sasa mwongeze B jimbo moja alilomnyang'anya A. B anakuwa 12,500, A 20,000, na viti vinakwenda C, A, C, A. B kashinda jimbo, kakosa kiti cha orodha.

Ndicho kilichotokea Mei 1999, kwa kinyume chake. Labour walipoteza jimbo la Llanelli kwa Plaid Cymru, na kupoteza huko ndiko kulikomfungulia kiongozi wao, Alun Michael, kiti cha orodha cha Mid and West Wales. Anayeandika kwamba aliingia "licha ya" Llanelli, mrudisheni kwenye hesabu ya hapo juu.

Aliyeuliza pembeni kama ubingwa wa kriketi wa Glamorgan, timu ya Wales, ulikuja wiki ya kura: ndiyo, ni wiki ileile. Glamorgan walitwaa ubingwa wa kaunti tarehe 20 Septemba 1997 wakicheza Taunton, ubingwa wao wa tatu baada ya 1948 na 1969, siku mbili baada ya kura.