Kisu cha kukunja Dodoma: ogopa vumbi kabla ya kutu

Ushauri mwingi kuhusu visu vyepesi vya stenlesi ni wa watu wa baharini, ambao shida yao ni maji chumvi. Ukiufuata ulivyo huku Dodoma utakilowesha kisu mafuta, halafu upepo wa kiangazi ukimalizie. Vumbi likikutana na mafuta kwenye maungio linageuka msasa: linakwangua washa (vipete vyembamba kati ya bapa na mpini), na kisu kinakwaruza kila ukikifungua.

Kwa hiyo anza kwa kuosha. Sugua maungio kwa mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, huku ukikikunja na kukikunjua ndani ya maji. Kama kimekata zabibu au embe, osha siku hiyo hiyo. Sukari ikikauka inagandisha maungio, na mafuta hayayeyushi sukari. Maji ndiyo yanayoyeyusha. Kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua. Kung'uta, kiache wazi kivulini nusu saa. Kwa ukavu wa huku inatosha.

Mafuta ya cherehani yanafaa. Chovya kijiti cha meno, weka tone moja kila upande wa skrubu inayoshika bapa, kisha fungua na funga mara 20 au 30. Yakitoka meusi, futa, weka tone jingine, rudia hadi yatoke safi. Futa nje mpaka kidole kisiteleze. Kwa kisu cha chakula tumia likwidi parafini ya duka la dawa (siyo mafuta ya taa, tafadhali). Alizeti, hata kama ndiyo iliyojaa jikoni kuanzia hapa hadi Singida, iache kwenye kikaango. Ikikaa hewani inanata kama gundi. Grisi nayo inakusanya mchanga.

Kwa visu vyenye bamba linalojisukuma nyuma ya bapa kulizuia lisijifunge, usipake mafuta pale vinapogusana. Bamba litateleza, na vidole vyako viko njiani.

Bapa likicheza kushoto na kulia, kaza skrubu moja ya nane ya mzunguko, jaribu, kaza tena. Bisibisi ni ya nyota, mara nyingi saizi ya T6 au T8; iliyolika itaharibu kichwa cha skrubu. Ikilegea kila wiki, safisha mafuta kwenye nyuzi zake, kisha weka gundi ya skrubu ya bluu, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Nyekundu hapana: kuifungua kunataka moto, na mpini wa plastiki hauvumilii moto. Kukifumua kisu kizima kila mwezi ni kujitafutia kazi. Nyuzi zilizo kwenye plastiki huchoka.

Kuhusu kutu: stenlesi inalindwa na utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu, na chumvi au Jik ikikaa juu yake inautoboa. Usisugue kwa stilwaya, maana inaacha chembe za chuma zinazoota kutu zenyewe. Doa dogo linatoka kwa dawa ya meno na kitambaa. Vyuma kama H1 na LC200N, vyenye nitrojeni, bapa lake halihitaji kupakwa mafuta kabisa. Ila kagua skrubu na klipu ya mfukoni: mara nyingi zimetengenezwa kwa chuma kingine, na kutu huanzia hapo.