Mzimu "ulionekana" au "alionekana"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tuko watatu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Tunaandika maneno ya Kiswahili ya kupita chini ya picha kwenye muvi za zamani, ili mtazamaji asome wakati wahusika wanaongea. Sasa tuna The Innocents, ile ya 1961 isiyo na rangi. Mwenzangu ameandika "mzimu alionekana mnarani", mimi nikasahihisha "mzimu ulionekana". Wa tatu anasema mzimu ni wa mababu, tuandike "mzuka". Nani kapatia?

JIBU: Marahaba. Kwa sarufi umepatia wewe. Kwa maana, huyo wa tatu ana hoja nzuri, ila neno alilolichagua litawachekesha watu ukumbini. Na wa kwanza kakosea, lakini kosa lake linatufaa kuliko usahihi wako, kama utakavyoona.

Mzimu ni wa ngeli ya U-I, kama mti na mkate: mzimu ulionekana, mizimu ilionekana. Kinachowachanganya watu ni umoja, kwa sababu "mzimu wa" na "mtu wa" vinafanana, "mzimu mkubwa" na "mtu mkubwa" vinafanana. Ukitaka kujua, peleka sentensi kwenye wingi. "Mizimu wamekasirika" sikio linaikataa hapo hapo. "Mizimu imekasirika" inapita. Lakini msikimbilie kusema kwamba kila nomino ya m-/mi- lazima ifuate mti. "Mitume wamekuja" haina kasoro yoyote, kwa kuwa mtume ni mtu, na mtu huvuta a- na wa- hata jina lake likiwa na umbo la mti.

Mfano mzuri zaidi ni roho. Roho yangu imetulia. Roho Mtakatifu aliwashukia. Neno ni lile lile, ila la kwanza ni sehemu ya mtu, la pili ni mwenye nafsi, anayekuja na kuondoka kwa hiari yake. Kwa hiyo mwenzako alipoandika "mzimu alionekana" hakuwa ameteleza tu. Alikuwa ameshaamua kwamba pale mnarani amesimama mtu. Na hilo ndilo jambo ambalo filamu hii imekataa kuliamua.

Filamu hiyo, iliyoongozwa na Jack Clayton, imetokana na hadithi ya Henry James, The Turn of the Screw, ya 1898. (Jina lenyewe ni la kukaza skrubu. Kamusi zina "parafujo", ila sijui fundi wa Mwanjelwa atakayekuuzia.) Mwalimu kijana anaajiriwa kulea na kufundisha watoto wawili yatima, Miles na Flora, katika jumba kubwa la mashambani Uingereza. Anaanza kuwaona wafanyakazi wawili wa zamani waliokwisha kufa: Quint, aliyekuwa mtumishi, na Bi Jessel, mwalimu aliyemtangulia. Kitabuni mwalimu huyu anasimulia mwenyewe, hana jina, na kila kitu tunakipata kwa "niliona". Kwenye filamu amepewa jina, Bi Giddens, na kamera inaona pamoja naye. Mtazamaji naye anamwona Quint kwa macho yake. Sasa shaka itatoka wapi?

Waliotengeneza filamu waliirudisha kwa njia nyingine. Kitabuni mwalimu anamweleza Quint kwa undani, nywele nyekundu, kichwa wazi bila kofia, kabla hajawahi kuona hata picha yake, na msimamizi wa nyumba, Mama Grose, anamtambua mara moja. Huo ni ushahidi mzito upande wa mzimu. Filamu imeupunguza: Bi Giddens, wakati wa mchezo wa kujificha, anakuta darini picha ndogo ya uso wa mwanamume, na ni baada ya hapo ndipo uso huo unamtokea kwenye kioo cha dirisha. Je, ameona mtu, au ameona picha aliyotoka kuitazama? Basi fikiria mtazamaji anasoma chini ya picha "mzimu wa Quint". Maneno yenu matatu yameshajibu swali ambalo filamu nzima imejengwa juu yake.

Turudi kwa hoja ya wa tatu, maana huku kwetu ina nguvu. Mnyakyusa ana abasyuka, Mhehe ana masoka, na wote wawili wakisikia "mzimu" wanawafikiria wazee wa ukoo waliotangulia, wanaotambikiwa na wanaokasirika wakisahauliwa. Pwani neno hili hutaja hata mahali penyewe pa kutambikia. Katika riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ya 1960, mzimu ni mahali. Quint hana ukoo katika nyumba ile. Alikuwa mwajiriwa, na hakuna anayemdai wala kumpa tambiko. Mtazamaji wa Tukuyu au Kalenga ataanza kujiuliza ni nani hakutimiza wajibu kwa marehemu, na hilo ni swali la hadithi nyingine kabisa. Sisemi "mzimu" ni kosa. Magazeti ya michezo yanaandika kila wiki kwamba mzimu wa sare unaitafuna timu fulani, na hakuna anayetafuta kuku wa tambiko. Nasema neno limebeba mzigo, na mzigo huo si wa filamu hii.

Lakini "mzuka"? Hapana. Kamusi itakutetea, mtaa hautakutetea. Kijana wa Mwanjelwa akisoma "mzuka umepanda ngazi" atajua watu wamechangamka. "Kizuka" nalo lina mtego: ni kitu kinachozuka ghafla, lakini pia ni mjane aliyekaa eda, na Bi Jessel anaonekana amevaa nguo nyeusi. Mtazamaji aliyekulia pwani atamhurumia kwa kufiwa na mume ambaye hakuwa naye. "Jini" liondoeni kabisa, kwa sababu jini hakuwahi kuwa binadamu, wakati hofu yote ya hapa ni kwamba hawa walikuwa binadamu wanaojulikana kwa majina. "Pepo" humwingia mtu na kumtoka. Kaeni nalo hadi Bi Giddens anapoanza kuamini kwamba watoto wameingiliwa.

Neno ninalowapa ni kivuli. Watu wengi huku wanalijua kutoka kanisani, hata kama hawajawahi kulichunguza. Katika Mathayo 14:26, Biblia ya Union, wanafunzi wanamwona Yesu akienda juu ya bahari, wanafadhaika na kusema, "Ni kivuli". Tazameni hali ilivyo: usiku, upepo, mtu ameonekana kweli, ila wanaomwona hawajui ni nini, na jina wanalompa limetoka kwenye hofu yao. Ndivyo alivyo Bi Giddens bustanini, jua likimpiga machoni, akitazama umbo lililo juu ya mnara. "Kuna kivuli mnarani" inaweza kuwa mtu, inaweza kuwa mfu, inaweza kuwa mwanga tu. Na katika filamu isiyo na rangi, iliyopigwa giza likiwa limetanda pembeni mwa picha, neno linakaa mahali pake. Upatanisho wake ni ki-, "kivuli kilisimama", kwa hiyo hata kiambishi hakisemi kama kuna nafsi.

Kuna maneno mawili ya upande wa pili. "Maruweruwe" ni ya kichwani, ya mtu mwenye homa kali. Ukilitumia umemhukumu mwalimu kuwa mgonjwa. "Mauzauza" ni laini zaidi, maana mtu akisema nyumba ina mauzauza hatujui kama lawama ni ya nyumba au ya macho. Mpeni Mama Grose hilo pale anaposita.

Kitenzi nacho kinafanya kazi. "Kutokewa" ni zawadi: "nimetokewa" inaeleza yaliyompata mtu na kumwacha mtendaji bila jina. Tena inaokoa nafasi. Kipimo kinachotumika sana ni mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42 hivi pamoja na nafasi. "Mzimu wa mwalimu wa zamani umenitokea darasani" ni 46, haiingii kwenye mstari mmoja. "Mwalimu wa zamani amenitokea darasani" ni 37. Kufikia hapo mtazamaji ameshaambiwa kwamba Bi Jessel ni marehemu, kwa hiyo hakuna kilichopotea, na ile a- ya mwenzako sasa iko mahali pake. Katika onyesho hilo Bi Jessel analia mezani, kisha anatoweka, na chozi linabaki pale alipokuwa. Kivuli hakiachi chozi. Hapo tu ndipo ningewaruhusu kumpa nafsi bila wasiwasi.

Mkifika mwisho, angalieni jinsi Kiswahili kinavyoficha jinsia. Kitabuni Miles anauliza kama yupo pale, na Kiingereza kinaonyesha anamaanisha mwanamke. Kwa neno hilo moja mtoto amejifichua kwamba anamjua Bi Jessel. "Yupo hapa?" inaua kila kitu. Andikeni "Yule mwanamke yupo hapa?", na kama filamu ina sentensi ya namna hiyo, msiogope kurefusha.

Sentensi yake ya karibu na mwisho kitabuni, kinyume chake, inatupendelea. Anamtaja Peter Quint, halafu papo hapo anamwita mtu shetani, na kwa miaka mingi wasomaji wanabishana kama amemwita Quint au mwalimu aliyemkumbatia. "Peter Quint... shetani wewe!" Nukta tatu hizo zibaki. Mkiweka mkato wa kawaida, "Peter Quint, shetani wewe!", mmeshamtaja mwenye kosa.